Wifi Yangu na Maziwa ya Eldas

Vijana wangu, mmeniomba niwaandikie jinsi ya kupanga mfumo wa kompyuta kwa ajili ya biashara, na mmetaka iwe kwa Kiswahili kwa kuwa wapo kati yenu waliotoka Kitui na Kisumu na Kisomali chao bado kichanga. Sawa. Lakini nawaonya mapema: ninachokijua katika kazi hii nimekijua kwa wivu. Wengine hujifunza kwa kuipenda kazi, wengine kwa kuogopa kufukuzwa. Mimi nilijifunza kwa sababu ofisini kwetu palikuwa na mwanamke aliyenizidi, na mwanamke huyo alikuwa wifi yangu.

Ofisi yenyewe ilikuwa hapa Garissa, kampuni ya kukusanya maziwa ya ngamia na kuyapeleka Nairobi. Mwenye kampuni ni Khadija, mama aliyeanza kwa kuketi chini sokoni na mitungi yake mpaka akawa na vyumba vya baridi na malori. Sote tulimwita Habaryar, kama tunavyomwita dada ya mama kwa Kisomali, ingawa hakuwa ndugu wa yeyote kati yetu. Siku aliyoniajiri alinitazama juu ya miwani akaniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, kile ambacho kila p hugeuka b:

"Sahra, mimi nataka hii kombyuta inisaidie. Ikinisumbua, nitauza."

Nilianza kwa bidii. Aliyenifundisha kazi Nairobi, mzee mmoja wa Machakos aitwaye Mutiso, alikuwa amenipa shauri ambalo nawapa na nyinyi bure: kabla hujagusa kompyuta, keti na mtu anayeifanya kazi hiyo asubuhi nzima, mdomo umeufunga. Nikaenda Bura, kwenye kituo chetu kikubwa cha kukusanyia, nikaketi. Niliona wanawake wakileta mitungi, karani akifungua kifuniko na kunusa, akionja, akipima, akibandika namba, maziwa yakiingia chumba cha baridi, kisha pikapi ikija kuyachukua. Nikarudi Garissa nikaichora safari yote hiyo. Kila hatua niliipa mlango wake, na mlango haukufunguka mpaka ule wa nyuma yake ukamilike. Mtungi usiopimwa haupoi. Mtungi usiopoa haupakiwi. Mtungi usiopakiwa hauuzwi.

Wallahi, mchoro ule ulikuwa mzuri. Tuliuchapisha mkubwa, tukaubandika ukutani, na wageni wa Nairobi walikuwa wakiupiga picha. Habaryar alikuwa na tabia ya kumimina chai mwenyewe kila asubuhi, na kikombe cha kwanza kilikwenda kwa mtu aliyemfurahisha wiki hiyo. Hakuwahi kulisema jambo hilo, lakini ofisi nzima tulilijua. Kwa muda mrefu kikombe hicho kilikuwa changu, na nilikizoea.

Ndipo mdogo wangu Yusuf alipomwoa Hodan.

Hodan alikuwa amesomea kazi ile ile yangu, Nairobi, na aliifanya huko miaka kadhaa. Nyumbani alianza kunizidi kabla hajafika ofisini. Mama yangu alikuwa akila anjera zangu, ile mikate yetu laini ya chachu, tangu nikiwa msichana bila kusema kitu. Hodan alipika mara moja, mama akaiinua moja kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Tazama ilivyo na macho." Nilitazama. Kweli ilikuwa na macho, vile vitundu vya anjera iliyoumuka vizuri. Nikala. Haikupita muda mrefu, Habaryar akamwajiri.

Siku ya kwanza Hodan alisimama mbele ya mchoro wangu, mikono nyuma. Nikajifanya nimeshughulika na simu, huku nasubiri sifa.

"Wifi, umechora vizuri," akasema. "Sijaona mtu aliyefuatilia mtungi wa Bura hivi."

"Ahsante."

"Lakini yote haya ni safari ya mtungi. Biashara ya Habaryar iko wapi?"

Nilimjibu kwamba biashara ndiyo hiyo, iko mbele ya macho yake. Hakubisha. Alienda kwenye meza yake. Mimi sikumsemesha tena mpaka jioni, na jioni nilipofika kwa mama nikamkuta yeye ndiye aliyepika.

Mngeniuliza wakati ule ningewaambia kwamba swali lake lilikuwa la mtu anayetaka kuonekana. Nawaambia leo kwamba lilikuwa swali zuri, na hilo ndilo lililoniuma.

Msimu uliofuata mvua iliikataa Fafi, upande wa Bura, ikanyesha Wajir. Wafugaji hawangoji mfumo wa kompyuta. Ngamia walihama, na kituo cha Bura kikabaki na chumba cha baridi kinachonguruma na karani wetu Dekow, ambaye hakuwa na mtungi wa kunusa. Maziwa sasa yalitoka Eldas. Wanawake waliyaleta kwa pikipiki hadi mjini Wajir, pale yakapakiwa kwenye pikapi, na pikapi ikaja moja kwa moja hadi Garissa ili yapoe huku kwetu. Ni njia ambayo mimi sikuwahi kuichora.

Pikapi ya kwanza ilifika, makarani wakaanza kuandikisha mitungi, na mfumo wangu ukagoma. Mtungi haujapitia chumba cha baridi cha kituo, ukasema, kwa hiyo haupakiwi, hauuzwi. Mitungi ilikuwa imepangwa uwanjani, mizuri, imefukizwa moshi vizuri, inanukia. Habaryar alikuwa amesimama kando yake juani, shela ameishika juu ya kichwa.

"Sahra, nini inasema hii?"

"Inasema maziwa hayapo, Habaryar."

Akainama, akafungua kifuniko, akachovya kidole, akalamba. "Mimi naona iko."

Dekow ndiye aliyetuokoa, au tulidhani hivyo. Alipiga simu kutoka Bura akasema, "Niacheni mimi." Akakaa kwenye kompyuta yake, kwenye kituo kitupu, akabonyeza kwamba mitungi yote ile imeingia chumba chake cha baridi asubuhi na kutoka ikiwa imepoa. Mfumo ukaridhika, milango ikafunguka yote, lori likaondoka kwenda Nairobi. Ikawa ndiyo desturi. Kila pikapi ikikaribia, Dekow anabonyeza. Nami nilijua, na nikaona ni ujanja mzuri wa muda.

Hapa mnisikilize sana. Karani akianza kuudanganya mfumo, msimgombeze karani. Nendeni mkautazame mfumo, kwa sababu yeye anajaribu kufanya kazi na nyinyi mmemzuia.

Basi tukapata tulichostahili. Mteja wetu mkubwa alikuwa mwenye mikahawa kadhaa ya Eastleigh, mtu mpole ambaye hakuwahi kupaza sauti. Akapiga simu kwamba baadhi ya maziwa yamefika yameganda, na mpishi wake ameyamwaga mbele ya wateja. Pikapi ilikuwa imeharibika njiani siku hiyo na mitungi ikakaa juani, lakini mfumo wetu ulimwonyesha kwamba yalipoa Bura tangu alfajiri. Akauliza swali moja tu kwa upole wake: "Khadija, maziwa yangu yalikuwa wapi?"

Habaryar akatutazama. Kwenye kompyuta yangu mfumo bado ulisema Bura. Mteja akasema atatupa nafasi moja, kisha atatafuta wauzaji wa Isiolo.

Tuliitwa sote chumbani kwa Habaryar. Nilikuwa nimejiandaa. Nikaeleza kwamba nitaongeza njia ya pili kwenye mchoro, ya Eldas na Wajir, yenye milango yake, na kwamba itanichukua wiki chache. Habaryar akamgeukia Hodan.

"Na wewe?"

Hodan aliona haya kunipinga mbele ya watu, nilimwona akivuta mtandio wake. Lakini alisema.

"Wifi akiongeza njia ya Wajir itafanya kazi, Habaryar. Halafu mvua itanyesha Mandera, au barabara itakatika, au utanunua lori lenye baridi lake, na atachora tena. Njia hubadilika. Mimi ningeuliza wewe hubadiliki wapi. Tangu ulipokuwa umekaa chini sokoni mpaka leo, ni nini ambacho usipokijua huwezi kuuza?"

Habaryar hakufikiri. "Lazima nijue maziwa ni ya nani. Kama ni mzima ama imeharibika. Iko wabi saa hii. Na mimi nimeahidi nani."

"Ndiyo hayo," akasema Hodan. "Kila moja tulifanye huduma inayosimama peke yake. Ukiiuliza, inajibu. Haijali mtungi umepita Bura au umeshuka mbinguni. Njia ikibadilika, tunabadilisha mpangilio wa nani anamuuliza nani, lakini huduma zenyewe hatuzigusi."

Habaryar aliinua chupa ya chai, akamimina kikombe, akampa Hodan. "Huyu anaongea maneno ya soko yangu," akasema.

Sitawaficha, nilikitazama kikombe kile mpaka Hodan alipokimaliza. Nilikuwa nimefuatilia kazi ya watu kwa miaka, nimekula vumbi la Bura, na msichana huyu alikuja na swali moja akachukua kikombe, ofisi, na mdogo wangu juu yake. Lililonikera zaidi ni kwamba nilielewa kila neno alilosema. Mtu akikosea na kusifiwa, unaweza kumcheka. Akiwa sahihi, unabaki na nini?

Tulifanya kazi pamoja, meza kwa meza. Kila jambo lake nilitafuta kasoro, na ningependa mjue kwamba wivu ni mkaguzi mzuri sana wa kazi. Alitaka huduma ziwe na majina ya Kiingereza kama tulivyofundishwa, nikakataa, nikasema ziitwe kama Habaryar alivyosema: Ni ya Nani, Ni Mazima, Iko Wapi, Tumeahidi. Baadaye makarani wakawa wanaziita hivyo kana kwamba ni watu. Dekow alisikika akisema kwenye simu, "Iko Wapi hajaamka, mtandao umekatika." Jambo hilo la kukatika pia nililifikiria mimi. Mlingoti wa simu ukianguka Eldas, nikasema, Ni Mazima asinyamaze kwa sababu tu Iko Wapi amelala. Kila mmoja ajibu anachokijua. Hodan aliandika jambo hilo chini, akanishukuru. Alikuwa na tabia hiyo mbaya ya kushukuru.

Kijana mmoja wa ofisini alinogewa na mtindo huo akataka vifuniko vya mitungi navyo viwe na huduma yao. Nilimuuliza kama Habaryar angefunga biashara kwa kukosa habari za vifuniko. Akakiri asingefunga. Basi, nikamwambia, hiyo si huduma, ni kifuniko. Pimeni hivyo hivyo na nyinyi.

Nilipoona kasoro za mezani zimeisha, nikapanda gari kwenda kutafuta nyingine mbali. Nilimwambia Habaryar kwamba nataka kuhakikisha mambo Wajir na Eldas. Nilichotaka ni kumkuta wifi yangu amekosea.

Na nilimkuta. Asubuhi moja nilikaa Eldas kama Mutiso alivyonifundisha, mdomo umefungwa, nikawatazama wanawake wakikusanyika kabla pikipiki hazijaondoka. Upande wa Bura, wakati wa neema, kila mwanamke alijaza mtungi wake. Hapa ngamia walikuwa bado hawajanona, na kila nyumba ilikuwa na kidogo. Jirani akamimina kidogo chake juu ya cha jirani, na wa tatu akaongeza, mpaka mtungi ukajaa. Wenyewe walijua nani ametia kiasi gani, hawakuwa na wasiwasi wowote. Lakini ile huduma ya Hodan, Ni ya Nani, ilikuwa imejengwa ikiamini kwamba mtungi mmoja una mwenyewe mmoja. Nusu ya wanawake wa Eldas, kwa kompyuta yetu, hawakuwepo duniani.

Njia nzima ya kurudi Garissa niliimba. Dereva aliniuliza kama nimepata mchumba.

Sikumwambia Hodan pembeni. Nilingoja tukutane sote mbele ya Habaryar, nikaeleza nilichokiona, taratibu, kila kitu kwa ushahidi, nikamaliza kwa kusema, "Kwa hiyo, wifi, umejenga kwenye jambo lisilo kweli." Kisha nikakunja mikono nikamtazama.

Hodan alivuta kiti chake karibu nami. Halafu uso wake ukachangamka.

"Wallahi sikuliona," akasema. "Wifi, hili ni kubwa. Kama tungewaacha hivi wangetuhama wote, na haki yao. Ichukue Ni ya Nani wewe. Uijenge upya unavyojua."

Nilikuwa nimemrushia jiwe, naye amelipokea kama zawadi. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Nikaichukua. Nikaibomoa ndani yote, mtungi mmoja ukaweza kuwa na wenyewe wengi, kila mmoja na kiasi chake. Siku niliyoiweka kazini nilikaa tayari kwa simu. Nilijua nimegusa moyo wa mfumo, lazima kuwe na kilio mahali. Katika mfumo wangu wa zamani ukigusa hatua moja, milango yote ya mbele hugoma. Nikangoja. Ni Mazima aliendelea kujibu. Tumeahidi aliendelea kuahidi. Makarani hawakugundua chochote, ila yule wa Eldas aliyesema wanawake wamefurahi. Ndipo nilipoelewa, nikiwa peke yangu mbele ya kompyuta, kwamba ushindi wangu mkubwa dhidi ya wifi yangu ulikuwa umethibitisha kwamba mpango wake ndio sahihi. Nilifunga kompyuta nikaenda kununua ndizi.

Nafasi moja ya yule mteja wa Eastleigh ilikuja mapema kuliko tulivyotaka. Pikapi iliharibika tena, mbali kidogo na Garissa, jua kali. Dereva akajibu kwenye simu yake maswali ambayo Ni Mazima humuuliza mtu yeyote aliye karibu na mtungi, awe karani au dereva, na mitungi ilipofika ikapimwa pale uwanjani. Iliyoanza kuchacha ikatengwa, Habaryar akaigeuza susac, maziwa ya mgando ambayo yana wateja wake. Tumeahidi akamwandikia mteja kwamba leo atapata pungufu, na kwa nini. Mteja akapiga simu, sote tumekusanyika.

"Khadija, pungufu naweza kuvumilia," akasema. "Nimejua kabla mpishi wangu hajawasha moto."

Hakwenda Isiolo. Habaryar alicheka, akambusu Hodan kwenye paji la uso, kisha akaja akanibusu na mimi. Niliona kwamba alianza kwa Hodan.

Haukupita mwaka, kampuni kubwa ya Nairobi ikamtaka Hodan, na Yusuf akaenda naye. Mama alilia kituoni kana kwamba ni binti yake anayeondoka, na binti yake nilikuwa nimesimama pale kando nimeshika mkoba. Kikombe cha kwanza kilinirudia. Lakini kila tukikwama, Habaryar alikuwa akisema, "Tumbigie Hodan?" Nilihakikisha hatukwami. Nilijifunza usiku na mchana ili jina hilo lisitajwe, na ndivyo nilivyokuwa mjuzi. Niliziongoza huduma zile miaka yangu yote iliyobaki. Lori lenye baridi lilinunuliwa, Mandera ikaongezwa, daraja likafungwa likafunguliwa, na kila mara tulibadilisha mpangilio tu, huduma zenyewe hatukuzigusa. Watu walinisifu. Kila waliponisifu nilijua sifa ni za nani.

Nilipostaafu nilimwachia kazi Ifrah, msichana wa hapa Garissa, mwerevu, mwenye haraka na Sheng ya Nairobi. Juzi nilipita ofisini kuwasalimia, akaniambia huku akichezea simu yake, akiniita Eddo, yaani shangazi:

"Eddo, ile Ni ya Nani nimeitoa. Nimeweka nyingine, ya kisasa. Iko fiti."

"Umeitoa? Lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na watu wamesemaje?"

"Hakuna aliyenotisi, Eddo."

Alisema hivyo akidhani ananifariji. Nilimpongeza, kwa sababu ilikuwa kazi safi na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kisha nikaenda nikakaa garini, nikampigia Hodan. Ni yeye tu ambaye angeelewa.

"Wifi," nikamwambia, "wameing'oa kazi yangu, na hakuna aliyejua."

Akacheka kicheko cha moyoni, mpaka nikasikia Yusuf akiuliza kuna nini.

"Huduma zangu mbili huku Nairobi waling'oa zamani," akasema. "Sikukuambia. Nilijua ungefurahi."

"Hukukosea," nikamwambia. "Ningefurahi sana. Ziling'olewa zipi? Anza mwanzo, usiniruke kitu."